Mustari ya Chokaa

Ile chokaa tulipaka sisi bote. Leo mutu asiniambie kama ilikuwa mawazo ya fulani. Kila mama alikuja na brosi yake, benye hawana brosi balipaka na mugongo ya jani ya ndizi yenye tuliponda mpaka ikakuwa kama nywele, na tulikuwa tunaimba.

Ilikuwa mu Mulekera, upande wa Beni, kwenye tulikuwaka na mashamba ya kakao. Kanisa yetu ilikuwa imekata shauri hivi: kila jamaa yenye iko na kakao inatoa mustari moja ya miti, ule wa kando ya njia. Kakao ya ule mustari si ya mwenye shamba tena. Inauzwa, na makuta yake inalipa masomo ya bijana benye banajifunza Butembo juu ya kuwa balimu ya Kinande, bafundishe batoto badogo mu luga ya nyumbani. Tuliita ule mustari mustari ya mwalimu.

Kwa nini kakao? Sababu serikali ata mwalimu wa hesabu hailipe muzuri, itakumbuka wa Kinande? Mwenye anajifunza Kifaransa iko na muzungu wake. Mwenye anajifunza Kingereza iko na ONG yake ya musaada. Mwenye anajifunza Kinande iko na nani? Iko na sisi na kakao yetu.

Mu mukutano papa moja, muuza mabati, alisimama akacheka.

"Kinande mutoto anakunywa mu maziwa ya mama yake. Mwalimu ya nini? Kesho mutalipa tena mwalimu wa kumufundisha kulala?"

Batu bakacheka. Miye nikasimama. Masomo niliachaka mu mwaka ya tatu ya primeri, mais kinywa sikuacha.

"Papa, batoto yako bananitukana mu Lingala ya basoda. Nikibaambia mu Kinande baniletee jembe, banainua macho kama mbuzi yenye mvua imepiga. Maziwa ya bibi yako, mama yao, ilikuwa ya mukebe?"

Batu bakacheka kupita mbele. Yeye akakaa. Na mustari yake alitoa kama bengine.

Chokaa ilikuwa juu ya kuogopesha bezi. Tulipaka kila muti kutoka mizizi mpaka kufika ku kiuno ya mutu, ili kila mupita-njia ajue kama hii haiguswe. Mwizi wa kwanza tulimukamata. Alikuwa jirani. Bijana balimufunga mikono nyuma, balileta mupira ya gari na petroli mu chupa. Katekista wetu akajilaza juu ya ule mwizi, akasema basi, muchome bawili. Bakaacha moto. Mais fimbo hatukuacha. Tulimupiga sisi bamama na vile vijiti tunapasulia kakao, mpaka meno yake ikabaki mu majani, na miye nilikuwa mbele. Kutoka siku ile hakuna mutu wa kwetu mwenye aligusa muti mweupe. Ata mutoto mwenye njaa alipita pale anaangalia chini.

Mujukuu yangu alikuwa mumoja kati ya benye ule mustari ulisomesha. Mama yake, mutoto yangu wa kuzaa, bauaji benye banatoka mu pori balimukatia mu shamba ya mihogo wakati huyu musichana alikuwa anamaliza primeri. Tulimuzika bila mukono ya kuume. Tulitafuta, hatukuiona. Basi musichana nilimulea miye. Alikuwa na kipaji moja: wakati tunapasua kakao, batoto bote ya njia balimufuata, na yeye alibaambia hadisi mu Kinande mpaka mutoto wa mwisho ananyamaza. Komite ya kanisa, yenye inachagua bijana ya kusomesha, haikuulizana sana juu yake.

Kiisha bauaji bakasogea karibu. Kila wiki mutu anakatwa mu shamba, mwingine anapelekwa mu pori na hatutamuona tena. Tukakimbilia Butembo. Tuliingia mu chumba moja ya mbao, tukaanza kununua mihogo, sisi benye tulikuwa tunaiuza. Mashamba ikabaki. Mujukuu yangu alikuwa amebakisha egzamen, mutihani ya mwisho. Masomo ikatuma neno: mwenye hajalipa haingie. Na mu komite hakuna kitu, sababu hakuna mwenye alivuna musimu ule. Asipoingia, imekwisha. Atakaa kando ya barabara anauza mandazi kama basichana bengine, na miaka yote ya ule mustari inaanguka mu maji.

Katekista akaleta habari kama basoda banasema njia ya Mulekera imetulia, tunaweza kuenda kuvuna. Bibi yake wa ndoa alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa basichana, mwanamuke mwembamba mwenye kinywa kikubwa. Akasema:

"Basoda bakisema imetulia, ni kusema bao benyewe njo batulia."

Mais alisema hivyo anafunga kitambaa ku kichwa. Tukaenda. Sisi bamama tulipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kule, mifuko matupu tumeikalia. Ku barière ya mwisho, kizuizi ya njia, basoda bakaomba sukari ya chai. Katekista akabaki kuongea nao batusindikize. Jua inapanda, maongezi haiishe.

"Tungoje banaume mpaka kakao iote meno?" rafiki yangu akasema. "Tutangulie, batatukuta."

Tukatangulia.

Mashamba yote ilikuwa imevuliwa kama kuku. Bezi, bauaji, ata basoda, kila mutu alipita pale na mufuko wake. Ku miti ilibaki matunda meusi ya kuoza. Kiisha tukaona mustari ya chokaa. Miti nyeupe imesimama kando ya njia, na matunda ya manjano imejaa kutoka chini mpaka juu. Hakuna mwenye aligusa. Rafiki yangu akapiga makofi.

"Ona! Hii chokaa inaogopesha kupita basoda. Tungepaka na nyumba zetu."

Tulicheka kweli. Akakaa chini, akaanza kupasua. Akaniambia:

"Mujukuu yako akimaliza, nitakaa mbele kabisa na batoto badogo, anifundishe kuandika. Akinipiga fimbo, nitamupiga mwiko."

"Utapigwa wewe. Kichwa yako ni ngumu."

"Kichwa yangu? Uliza yako yenye ilishindwa na mwaka ya tatu!"

Niliondoka ninacheka. Nilishika ile kisu ya kukata matunda ya juu, kisu ya kukunjama yenye imefungwa ku muti murefu. Nikavuna ninasogea, ninasogea, mpaka mwisho wa mustari. Pale nikaona majani ya ndizi imetandikwa chini, kama mahali batu banakaa. Ilikuwa bado mabichi. Kando yake mbegu ya kakao yenye mutu amefyonza na kutema. Bado na mate.

Nilielewa nikiwa nimesimama. Mu mashamba yote hakuna kitu ya kumuleta mutu tena. Mustari moja tu iko na matunda, iko na alama, na inaonekana kutoka mbali. Sisi benyewe tuliichunga ibakie hivyo. Mwenye anataka kuuwa batu ya Mulekera hana haja ya kutafuta. Akae hapa, angoje bamama ya mwalimu.

Nikapiga kelele: "Mukimbie!"

Balitoka mu mufereji. Hawakupiga bunduki, ili basoda hapana kusikia. Mipanga tu na shoka. Rafiki yangu alikuwa amekaa, miguu imenyooshwa, kakao iko kati ya magoti. Balimupiga ku bega, kiisha ku shingo, tena ku shingo. Mama mwingine aliinua mukono kujikinga, vidole ikaanguka. Sitaandika yote. Nitaandika hii: rafiki yangu alikuwa ameshika tunda, na hakuiachilia.

Mumoja akakuja kwangu. Kijana, kama umri wa mujukuu yangu, amevaa koti ya mvua. Nilimupiga na ile kisu pale shingo inaingia mu bega, na nikavuta, vile tunavuta tunda. Damu yake iliruka mpaka ku chokaa. Alilia kama mutu yeyote. Sikungoja kujua kama alikufa. Nilimuambia padri ile siku yenye nilienda kuungama.

Masasi ya bunduki ikaanza upande wa barière na bale bakarudi mu pori. Katekista alifika mbele ya basoda, bila viatu. Alimukuta bibi yake amelala juu ya mbegu yenye alikuwa anapasua, mbegu mbichi, na damu yote imeingia mule. Alimufunga mu kitenge. Kiisha akachota zile mbegu na mikono mibili, akazitia mu mufuko mpaka ya mwisho. Soda moja akamuambia, "Papa, acha hiyo, twende." Akafunga mufuko. Mwili ukapanda moto moja, mufuko ukapanda nyingine. Mufuko wa pili, wenye nilivuna miye, basoda bakaubeba. Nilibaona. Nikafuata mwili.

Kilio tulifanya Butembo, mu kiwanja ya katekista. Ndugu wa marehemu, fundi wa magari, alikuwa anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubui. Mujukuu yangu akaingia na nguo ya masomo, akapiga magoti mbele yangu.

"Koko, hapana. Egzamen siingie. Siwezi kula ile kakao."

Ule ndugu akasikia.

"Kula? Ulianza kula zamani! Wewe na Kinande yako, mulimukula dada yangu!"

Akamukamata shingo na mikono mibili, akamugongesha ku ukuta wa mbao. Bamama balipiga kelele, banaume bakavuta nguo yake, hakuachilia. Musichana macho ikaanza kugeuka. Nikachukua kiti kidogo ya kukalia mu jikoni, nikamupiga ku mugongo. Nikamupiga tena, ku uso. Pua ikapasuka, akaachilia.

Kiisha nikamugeukia mujukuu yangu, alikuwa bado anatafuta pumzi, nikamupiga kofi mbele ya kilio yote.

"Mufu alienda kule juu ya nini?"

Akashika shingo yake.

"Juu ya nini?"

"Juu yangu, koko."

"Juu yako wewe nani? Alienda juu ya mwalimu. Ukiacha, nitamuambia nini ku kaburi? Kama balimukata juu ya muuza mandazi?"

Mama mumoja akanivuta: "Mama, wacha basi, ni mutoto, iko na uchungu."

"Uchungu tuko nayo sisi bote. Egzamen iko na yeye peke yake."

Katekista alikuwa amekaa chini tangu asubui. Alisimama ku mukeka yake. Nilizania anaenda kutufukuza sisi bote. Akaenda nyuma ya nyumba, akavuta ule mufuko mpaka ku robine ya maji, akaumwanga mu beseni, akafungua maji. Akaanza kuosha mbegu. Maji ilitoka mekundu. Akaimwanga, akatia ingine. Mu kiwanja hakukuwa tena mutu wa kulia, tulisikia mikono yake tu. Aliosha mpaka maji ikatoka nyeupe, ile nyeupe ya kakao. Akatandika bashi, ile turubai ya plastiki, pale jua inapiga, akazimwanga.

Wakati wa kuzigeuza, ule ndugu wa marehemu alikuja na pua yake ya kuvimba. Akachuchumaa ngambo ya bashi. Akageuza upande wake na mukono. Siku zote za kilio bao bawili njo baligeuza.

Ku depo nilienda miye. Mununuzi wa kakao akatia mukono mu mufuko, akanusa, akapasua mbegu na meno.

"Mama, mbona muliosha? Kakao ya kuosha haina uzito, haina harufu. Haukujua?"

"Iliingia mu matope."

"Basi nitapunguza bei."

"Punguza."

Mu maisha yangu ya kuuza kitu hakuna siku ingine yenye niliacha mutu apunguze bila kumutukana. Komite ikatia kidogo juu, muuza mabati akatia ingine, na mujukuu yangu akaingia mu egzamen na alama ya vidole bado ku shingo. Akapita.

Kiisha basoda balifungua tena njia ya mashamba, na tukarudi, sisi benye tulibaki, na katekista. Hatukuenda kuvuna. Tulienda na mipanga, tukakwangua chokaa ku kila muti, ku mashamba yote, mpaka maganda ikabaki na rangi yake. Ku muti ya mwisho ya mustari yetu damu ilikuwa imekauka ikakuwa nyeusi. Niliikwangua na mikono yangu. Mama mwenye alipoteza vidole alifanya kazi na mukono wa kushoto, na akitukana miti kama vile batu.

Leo hakuna mustari ya mwalimu. Kila jamaa inatoa kikombe moja ya mbegu ku kila mavuno, kutoka muti wowote, saa yoyote, na mwenye kukaa mu mufereji hajue angoje wapi. Inalipa kidogo, inachelewa, mais inalipa. Kuko kijana wa kule Alimbongo anasoma sasa, na mutoto musichana wa ule papa wa mabati, mwenye alikuwa anasema mwalimu ya nini.

Mujukuu yangu anafundisha hapa Butembo, ku kiwanja ya kanisa, chini ya bashi, batoto benye balikimbia kutoka Beni. Nilienda siku moja nikasimama inje. Mutoto mumoja alitaka ruhusa ya kwenda kukojoa, akaiomba mu Lingala. Mujukuu yangu akamurudisha, akamungoja, mpaka aliiomba mu Kinande, miguu imekaza. Kiisha mutoto akamuambia "wasingya," ni kusema aksanti, akakimbia, na bengine bakacheka.

Ile kofi hajanisamehea. Ananisalimia, ananipikia, mais hanitazame mu macho. Wacha. Anafundisha.