Ekari Sifuri za Mama Wambui

Kujifunza lugha ya pili ya kompyuta kunasaidia, msomaji wangu, lakini mimi kulinipa majivuno kwanza. Kampuni yetu ya kununua mashamba, hapa Eldoret, iliniomba niandike programu ya kuwagawia wanachama ekari walizolipia. Niliiandika kwa lugha mpya huku nikifikiria kwa ile ya zamani. Ile ya zamani, ukigawa mbili kwa nne, inakupa nusu. Hii mpya hutupilia mbali chochote kisichofika moja. Sikujua.

Nilisoma orodha yake kwenye mkutano wa wanachama, nikatangaza kwamba ugawaji wa shamba letu la Cheptiret umekamilika. Kisha Mama Wambui akasimama. Yeye na wajane wenzake watatu walikuwa wamenunua ekari mbili pamoja.

"Mimi nimepata ngapi?"

"Sifuri, Mama."

"Amenunua hewa!" mtu akadakia, watu wakacheka.

"Labda hamkumaliza kulipa," nikamwambia. "Mashine haikosei, na mimi najua lugha zake mbili."

Alitoa risiti. Mwenyekiti akaisoma, akanigeukia.

"Kijana, ekari mbili kwa watu wanne ni ngapi?"

"Nusu nusu, Mzee."

Nikaifuta ile sifuri kwenye orodha.

"Haya," akasema Mama Wambui, "twende unionyeshe nusu yangu."