Yadi Sita za Adolphine

Jumamosi ya tarehe nane Machi, Adolphine alifungiwa nje ya sherehe iliyoandaliwa kwa heshima yake. Alifungiwa kwa sababu hakuvaa kitenge cha siku hiyo, kitenge ambacho yeye mwenyewe alikuwa amewashonea wanawake sabini na wanne. Heshima yake ikapokelewa na mumewe, Marcellin, aliyevaa shati lililokatwa kutoka kwenye kitenge cha Adolphine. Hilo ndilo kosa. Yaliyofuata yote yamezaliwa na hilo.

Adolphine aliishi Iroquois, kusini mwa Louisville, na watu walimwita Mama Alliance kwa jina la binti yake. Shule hakuikanyaga, kwao Walungu, karibu na Bukavu, walipelekwa kaka zake tu. Alifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya friji. Miaka minne alibeba maboksi kwa kiuno chake, huku wanaume wakiketi juu ya foklifti, ile mashine yenye meno mawili ya chuma inayonyanyua mizigo hadi darini. Wao walilipwa zaidi kwa kuketi. Siku moja akamuuliza msimamizi kwa nini hakuna mwanamke juu ya mashine. Msimamizi akakuna kichwa, akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi akajifunza. Maswali ya mtihani alisomewa kwa sauti, akajibu yote, kisha akashusha mzigo wa kilo mia tano kutoka rafu ya juu bila kutikisa hata boksi moja. Akawafundisha wanawake wengine kumi na mmoja. Mwaka huo msimamizi alifungua darasa jipya la foklifti la watu kumi na wawili, akamwambia, "Nafasi ni za wanawake hadi mwisho wa Machi. Baada ya hapo, atakayewahi."

Wanawake wa kanisani wote walitaka. Waume zao hawakutaka. Jirani yake, Jolie, ndiye aliyepata dawa.

"Mama Alliance, uyaseme ya darasa ku maikro, siku ya sherehe, mbele yao. Kamati itapiga makofi. Bwana yangu hawezi kukataa nyumbani kitu alichopigia makofi ndani ya salle, mbele ya ukumbi mzima."

Kwa hiyo Adolphine hakuitamani sana tuzo ya kioo ambayo kamati ilipanga kumpa kwa kuwafundisha wanawake. Alitaka dakika tano na maikrofoni.

Sherehe ilikuwa mikononi mwa Kamati ya Usawa wa Mwanamke, yenye wajumbe saba, wote wanaume, Marcellin mmoja wao. Mwenyekiti, Mzee Balagizi, alieleza kwamba wanawake wamechoka, na kuwaongezea mikutano ni ukatili. Kwa huruma hiyo kamati ilikutana mara tisa bila wao. Mikutano minne ilijadili rangi ya kitenge, maana tarehe nane Machi, kama nyumbani Bukavu, wanawake wote huvaa kitambaa kimoja. Wakachagua zambarau yenye ngumi za dhahabu. Wageni walialikwa kutoka Gahanna, kule Columbus, na kutoka Riverside, kule Buffalo.

Adolphine alishona majuma matatu. Yadi zake sita aliziweka mwisho. Jumatano, Mzee Balagizi akaja na futi ya kupimia mkononi.

"Bon, Mama Alliance. Kamati imeona nayo ivae. Mshikamano."

"Kitambaa kimeisha, Mzee."

"Na kile pale?"

"Ni changu."

"Wewe njo muheshimiwa! Hata ukivaa gunia tutakujua."

Wajumbe watano walikuwa wameshapata mashati yao kwa kupunja magauni ya wake zao. Walibaki mwenyekiti na Marcellin. Tumbo la mwenyekiti lilikula yadi nne, na mbili zikamtosha Marcellin. Adolphine akashona, kwa sababu mumewe alisimama mlangoni akisema, "Unataka niaibike mbele ya watu wa Buffalo?"

Siku ilipofika alivaa gauni lake la buluu la harusi za watu. Mlangoni alisimama mtu wa protokoli, Précieux, baba wa watoto wanne, amevaa glavu nyeupe na utepe kifuani.

"Mama Alliance, kitenge chako kiko wapi?"

"Kiko ndani. Kimetangulia."

"Donc siwezi kukuingiza. Bila kitenge hakuna kuingia."

"Précieux, anayepewa heshima humo ndani ni nani? Ni mimi."

"Njo maana utoe mfano. Kila muheshimiwa akija na nguo yake, usawa utakuwa wapi?"

Mlango ulikuwa wa kioo. Adolphine aliona yote, kama anayetazama televisheni iliyozimwa sauti. Aliona wanawake wakicheza. Aliona wajumbe saba kwenye meza kuu, na kiti kimoja kitupu kilichofungwa utepe. Aligonga kioo. Wanawake waliokuwa karibu wakamgeukia, wakampungia mikono kwa furaha. Aligonga tena, wakapiga vigelegele. Kisha Marcellin akaitwa, akapokea tuzo, akashika maikrofoni kwa dakika ishirini na tano. Baadaye Jolie alimwambia alichosema: kwamba mke wake ni mnyenyekevu, hapendi kuonekana.

Nyumbani Adolphine alimuuliza Marcellin, "Tuzo iko wapi?"

"Watu wa Columbus wameiazima. Wanataka kujifunza."

Kweli walijifunza. Siku ya nane baada ya sherehe Adolphine akapigiwa simu na Nyanchama, Mkenya anayewauguza wazee huko Gahanna, rafiki yake tangu walipokutana kwenye kongamano la maombi.

"Aki dada, jina lako liko hapa kwa semina, lakini wewe sikuoni. Ni wanaume kumi na mmoja na hiyo tuzo yako ya glasi. Wanapiga picha wameizunguka kama mtoto mchanga. Wanawake tumeambiwa tungoje nje hadi wamalize kutuheshimu."

Kutoka Columbus tuzo ikaenda Buffalo, kwa mkutano wa tarehe ishirini na tisa. Kwaya ya wanawake wa Louisville nayo ilialikwa, wote sabini na wanne, pamoja na waume zao. Adolphine akahesabu siku. Mwezi ungeisha Jumatatu. Riverside ingekuwa nafasi yake ya mwisho ya kushika maikrofoni.

Marcellin alikuwa zamu kazini kwake siku hiyo. Adolphine akafungua kabati, akalitoa shati la zambarau, akalivaa juu ya sketi, akapanda basi pamoja na kwaya.

Mlangoni Riverside palikuwa na mtu mwingine wa protokoli. Alitazama shati, akapiga saluti.

"Karibu, kamati! Meza kuu, tafadhali."

Akaketishwa kati ya Balagizi na mchungaji wa Buffalo. Balagizi akasogeza kiti chake kumpa nafasi. Kumtoa mtu meza kuu mbele ya wageni ni aibu kubwa kuliko kumketisha. Akamnong'oneza msema-chochote wa sherehe, naye akatangaza:

"Bwana Marcellin, aliyemwakilisha Mama Adolphine kule Louisville, leo ameshindwa kufika. Tunaye hapa mwakilishi wake!"

Makofi yakalipuka. Adolphine akasimama kumwakilisha mtu aliyemwakilisha Adolphine. Maikrofoni ikafika mkononi mwake kwa mara ya kwanza.

"Mimi ndiye Adolphine," alisema.

Watu wa Buffalo wakacheka, na ukumbi mzima ukawafuata. Mchungaji alifuta machozi. "Mama huyu ana vichekesho!"

"Sichekeshi. Kuna nafasi kumi na mbili, hadi Jumatatu..."

"Salamu tu, Mama, salamu za Bwana," Balagizi alisema, akiashiria kwa kidole. Mpiga kinanda akaielewa ishara, akaanza wimbo. Kwaya, kwa mazoea, ikasimama na kuimba. Jolie peke yake hakuimba. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye alikuwa akipiga makofi ya mdundo.

Jumanne, tarehe mosi Aprili, nafasi zilijazwa na waliowahi. Wanawake watatu walijiandikisha kwa siri, Jolie mmoja wao. Tisa zilikwenda kwa wanaume, na wa kwanza kati yao alikuwa Précieux. Adolphine ndiye mwalimu wake. Kila asubuhi humwambia, "Shusha meno, tazama nyuma," na Précieux hujibu, "Ndiyo, Mama," bila kukumbuka kitu chochote cha ule mlango wa kioo.

Tuzo bado iko Riverside, kwenye kabati la vyombo la mchungaji. Shati Adolphine alilifumua uzi kwa uzi. Halitoshi hata kilemba. Marcellin anamdai wali wa Jumapili, ambao Adolphine hampikii tena. Adolphine naye anamdai sentensi moja tu, ile aliyoshindwa kuisema akiwa na maikrofoni dakika ishirini na tano: mke wangu yuko nje, mfungulieni. Na Mzee Balagizi na kamati yake ya watu saba wanadaiwa dakika tano, mbele ya wanawake wale wale na waume zao wale wale, na nafasi tisa.