Limeshughulikiwa

Kuna neno moja la ofisini ambalo siku hizi nikilisikia damu inanichemka: limeshughulikiwa.

Mteja wangu alikuwa mjane wa Kitandililo mwenye duka la pembejeo pale Makambako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtengenezea hesabu za kodi, kazi ninayowafanyia wafanyabiashara wengi wadogo wa mji huo. Mumewe alipougua alilifunga duka karibu miaka miwili akimuuguza, na hakuna aliyemwambia kwamba ukifunga biashara lazima utoe taarifa. Makadirio ya kodi yakaendelea kupanda kwenye mfumo kana kwamba alikuwa anauza. Alipofungua tena akakuta deni, na juu yake onyo kwamba duka litafungwa. Mvua zilikuwa zinakaribia. Muuza mbolea akifungiwa wakati watu wanapanda, mwaka wake umeharibika.

Nikapanda basi kwenda ofisi ya kodi Njombe na barua ya mtendaji wa kata, iliyothibitisha kwamba miaka ile duka halikufanya kazi. Nilitaka jibu moja tu: deni linafutwa au halifutwi? Dirisha la kwanza likanipeleka la pili, la pili likaniambia mhusika yuko semina. Safari ya tatu nikamkuta mhusika mwenyewe, na moyo ukatulia. Tuliimba besi pamoja kwenye kwaya ya usharika tangu ujana, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi yangu.

"Niachie hiyo barua, kaka," alisema.

Baada ya wiki akanipigia simu. "Lile suala la yule mama wa duka limeshughulikiwa."

"Basi naomba unipe kwa maandishi."

Akacheka. "Wewe nawe. Maandishi ya nini, mimi na wewe?"

Nikaona haya. Kwetu, kumdai msimamizi wa harusi yako karatasi yenye mhuri ni kama kumwita mwongo. Nikamshukuru, tena sana.

Kesho yake nikamfuata mama dukani. Huwa tunaongea Kibena, na Kibena changu kikifika kwenye mambo ya ofisi kinakwama. Nikatafuta namna ya kusema limeshughulikiwa, nikaikosa, nikasema limekwisha. Mama akafumba macho, akamshukuru Mungu. Fedha alizokuwa ametenga ili aombe kulipa kidogo kidogo, akazinunulia zote mbolea.

Wiki ya kwanza ya mvua watu wa kodi walikuja na kufuli, wakabandika karatasi mlangoni. Mbolea ikabaki ndani, wakulima wakabaki nje.

Nilikwenda Njombe siku ileile. Sikupanga foleni kwenye dirisha lolote, niliingia moja kwa moja kwa msimamizi wangu.

"Nilikwambia limeshughulikiwa," alisema bila kuniangalia. "Lilijadiliwa, likakataliwa. Sikusema limefutwa."

"Uliponipigia simu ulikuwa unajua limekataliwa?"

Alipangapanga karatasi zake mezani. "Ningekwambiaje, kaka? Ungenichukia."

Nilisalitiwa, sina neno lingine. Angenifokea ofisini mbele ya watu ningemsamehe kabla sijafika stendi. Lakini alicheka nami kwenye simu huku jibu analo, na jibu hilo, hata likiwa baya, lingetupa siku za kukata rufaa au kuomba kulipa kwa awamu. Siku hizo zilipita tukiwa tumetulia kama wajinga.

Niliporudi Makambako nilimkuta mama amekaa kwenye kibaraza cha jirani yake fundi cherehani, anawatazama wateja wake wakivuka barabara kwenda duka jingine. Nikamweleza yote: barua, simu, semina, kicheko. Nilieleza kwa hasira, nikitegemea tukasirike pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, kile anachowasemesha watu wa ofisi.

"Huyo wa Njombe mimi simjui. Neno limekwisha nililisikia kwako wewe."

Akaomba faili lake. Nikampa.