Jinsi udongo wa Ruri na kununa kwangu vilivyonikosesha masomo ya ng'ambo

Wakuu, salaam. Hii si chai, yalinipata mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa fizikia sekondari moja Migori. Akaja profesa mzungu na malori mawili, anatafuta shimo. Naam, shimo! Akapewa mgodi wa zamani wa dhahabu kule Nyatike, upande wa Sori.

Sababu ni hii. Walikuwa wanaunda detector ya kunasa chembe adimu, zile unazoweza kungoja mwaka mzima usione hata moja. Unachukua fuwele ndogo, unaipoza kwa helium, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, mpaka baridi yake haina mfano. Chembe ikiigonga, inapata joto kiduchu, mashine inaandika.

Shida, kila takataka inaigonga pia: miale ya angani, mawe yenye mionzi. Ndiyo maana unaingia chini ya ardhi, mwamba ukukinge.

Nikaajiriwa kama mkalimani. Mkalimani, na digrii yangu ya fizikia! Nikameza, kwa sababu profesa aliniahidi: mgodi ukionekana safi, watajenga maabara hapo, na mimi nitaenda kwao kuisomea hiyo kazi. Sikuwa nataka kitu kingine duniani.

Kabla hawajashusha vyombo, nikamwomba mpishi wetu, mjane tuliyemwita Min Achieng, yaani mama Achieng, asafishe chumba cha chini mgodini. Huku kwetu mgeni hakaribishwi kwenye vumbi. Mama hakuishia kufagia. Alisiriba sakafu nzima kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ikapendeza.

"Japuonj," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mwalimu, "hii mchanga nimetoa kwetu Ruri, huko Homa Bay. Hiyo ndio haipasukangi."

Nikamsifu! Na chuoni nilishasoma kwamba vilima vya Ruri vina thorium, madini yenye mionzi. Sikuwaza hata kidogo.

Data zikaanza kuja. Uchafu mtupu, fuwele inagongwa bila kupumzika. Walikuwa wameizungushia matofali ya risasi, yale madini mazito ya kuzuia mionzi, pembeni na juu. Chini waliweka machache tu, malori yalishindwa kubeba yote. Profesa akalaumu jenereta, akalaumu nyaya, akafokea kila mtu.

Siku ya nne nikachukua kipimo cha mionzi cha mkononi. Ukutani, karibu kimya. Sakafuni kinalia kama bisi kwenye sufuria. Nikamkimbilia profesa: ni sakafu, si mwamba, tuikwangue.

Hakuinua hata macho. "Wewe tafsiri. Fizikia niachie mimi."

Mbele ya vibarua wote.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Nikanuna. Nikasema moyoni, si anaijua fizikia, basi aitafute mwenyewe. Siku tisa nikatafsiri "leta maji" na "ondoa hiki", huku jibu ninalo.

Min Achieng akaniona. "Japuonj, kama ni mchanga yangu inaharibu kazi, si uniambie nitoe?"

Nikamjibu vibaya, eti arudi jikoni. Mama wa watu.

Siku ya kumi na tatu helium ikaisha. Na helium huinunui Migori wala Homa Bay. Wakaanza kufunga mizigo. Ndipo akili ikanirudia! Nikaingia na jembe, nikakwangua pale detector ilipokuwa, Min Achieng akizoa kwa karai. Nikaweka kipimo. Kimeshuka sawa na ukutani. Nikamvuta profesa mkono aje asikie.

Alisikiliza kipimo sakafuni, kisha ukutani, uso ukawa mwekundu. Akasema, "Tumeshachelewa," akapanda gari.

Ripoti yake ilinifikia baadaye. Iliandika kwamba mwamba wa mgodi ule una mionzi kupita kiasi, haufai. Mwamba! Alisikia kwa masikio yake na bado akaandika uongo, badala ya kukiri kwamba mkalimani alimwambia mapema. Maabara haikujengwa. Mimi nikafundisha Form Two mpaka nikastaafu.

Huyo mtu simsamehe. Lakini nimejifunza: ukijua jibu, usingoje kuheshimiwa ndipo ulitumie. Yeye alinidharau kwa dakika moja. Zile siku tisa ni zangu mwenyewe.

Haya, nipigeni mawe, lakini semeni ukweli: wewe ungeshika jembe siku ileile, au ungenuna kama mimi?