Mbolea Iliyotoa Maji Stoo

Mzee Mageni alikuwa mtunza stoo mgodini Mwadui kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu akarudi kwao Didia kulima mahindi, akajenga kistoo cha matofali nyuma ya nyumba na kukipanga alivyozoea: majembe ukutani, mbegu kichanjani, mbolea juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta. Jirani yake, Pantaleo, alikuja siku moja akakitazama weee, akasema, "Hapa hata panya anabisha hodi."

Januari hiyo, baada ya kuweka mbolea ya kukuzia, Mageni alibakiwa na nusu mfuko wa urea na nusu mfuko wa CAN. Mifuko miwili iliyolegea ilimkera. Mbolea zote nyeupe, zote za kukuzia. Akamimina mmoja ndani ya mwingine, akafunga kwa kamba, akaridhika.

Siku ya tatu akakuta mbao zimelowa. Akapiga deki. Kesho yake, maji tena. Akapanda juu ya bati kutafuta tundu, hakuona, na mvua yenyewe ilikuwa imekata wiki nzima. Akahamishia mfuko kona nyingine. Umajimaji ukahamia huko huko. Alipoufungua, akakuta mbolea imekuwa uji.

"Mama Mariana, nani kamwaga maji humu?" akamuuliza mkewe, Paskazia.

"Baba Mariana, ufunguo si unalala nao mfukoni?"

Ni kweli alilala nao. Basi maji yalipitia wapi? Aliwaza mpaka chakula kikamshinda. Mwisho akili ikamrudisha kwa Pantaleo. Mtu akisifia kitu vile, ana lake moyoni. Tangu hapo wakikutana njiani, Mageni akawa anageukia upande wa pili, haitikii salamu.

Wiki iliyofuata akapita Violeth, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hebu njoo uone maajabu."

Violeth akachungulia, akanusa, akauliza, "Humu mmechanganya nini?"

"Urea na CAN. Zote kavu kabisa."

"Hizo hazikai mfuko mmoja, mzee. Zikikutana zinavuta unyevu wa hewani, zinayeyuka. Kila moja ibaki kwenye mfuko wake, na mdomo ufungwe vizuri. Hii ipelekeni shambani leo leo, udongo una unyevu wa mvua ya juzi. Wekeni mbali kidogo na shina, mfukie."

Kavu na kavu, zizae maji? Mageni alitamani kubisha, lakini uji ulikuwa pale, unamtazama. Aibu ikampanda alipomkumbuka jirani yake. Akaenda kwake moja kwa moja.

"Pantaleo, nisamehe. Nilikununia."

"Ulininunia lini?" Pantaleo akashangaa. "Mimi nilijua masikio yamekuziba. Nilikuwa namwambia mke wangu, mzee akapimwe."

Wakacheka, Mageni akamweleza aliyoambiwa na Violeth, kisha wakachukua ndoo. Mchana ule waliweka mbolea mistari sita, Pantaleo akichimba, Mageni akimimina kwa kopo na kufukia. Kila baada ya mashimo machache Mageni alisimama.

"Lakini maji yenyewe, Pantaleo, yametoka wapi?"

"Hewani. Si umesema mwenyewe?"

Mageni akainua uso, akalitazama anga jeupe lisilo na wingu hata moja, akatikisa kichwa, akaendelea kumimina.