Habarurema Kati ya Meza Mbili

Habarurema Déogratias, mwana wa Ntirenganya wa Masisi, yule Ntirenganya aliyeshusha ng'ombe arobaini mulimani kwenye mvua ya mawe asipoteze hata ndama. Habarurema ambaye polio ilimuchukulia miguu yote miwili akiwa na miaka ine, isimuchukulie kitu kingine. Wa kwanza kuvusha magunia sita ya unga wa ngano kwenye barière ya mpaka wa Rwanda kwa nguvu za mikono yake. Aliyekaa siku tatu mbele ya duane, ofisi ya ushuru, pamoja na wenzake ishirini na wawili, wakinyeshewa, mpaka wakapewa njia. Aliyezika mama yake kwa heshima, akaoza mabinti wawili, akajenga nyumba ya mbao mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ililiwa na volkano. Ninaandika niliyoyaona. Tulioyaona tunapungua.

Trisikle yake ina magurudumu matatu, pedali za mikono mbele ya kifua, na sanduku la chuma nyuma. Asiyeijua Goma atauliza ni kwa nini mufanyabiashara mwenye akili apakie unga wake kwa mutu asiye na miguu. Sababu ilikuwa moja: kilema hakulipishwa ushuru. Kilichokaa juu ya trisikle kilichukuliwa kuwa chakula chake. Basi gunia lilitoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, likiwa la tajiri, likavuka likiwa la Habarurema, likafika Goma likiwa la tajiri tena. Kila mutu alijua. Hata mimi niliyekuwa ninauza sabuni katika soko la Virunga nilijua, maana sabuni yangu nayo ilipita humo.

Wabebaji wa miguu walimutania, wakamwita Fuso, kama yale malori makubwa. Siku moja mumoja wao, aliyebebea tajiri mwenye Fuso ya kweli, akamwambia, "Fuso gani hii haina miguu?" Habarurema akamujibu bila kusimama, "Na ile ya patro wako, uliiona miguu yake wapi?" Tangu siku ile jina likabaki, lakini likawa la heshima.

Sasa niseme habari ya barua, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo.

Mwaka wa 2001, mwaka mumoja mbele ya volkano kulipuka, alikuja chef mupya wa duane, akasema msamaha wa ushuru umekwisha, kila mutu alipe. Ndipo walipokaa zile siku tatu. Siku ya tatu Habarurema aliniita. Mimi nilimaliza darasa la sita kwa masista wa Rutshuru, na maandishi yangu mpaka leo makarani huyasifu. Aliniambia niandike kwamba wao si wafanyakazi wala wafanyabiashara, ni watu wa kusaidiwa, wanajitafutia chakula. Nikaandika. Lakini lile neno kusaidiwa niliona halina nguvu. Nilimwambia tuweke kuhurumiwa, ndilo linaloshika moyo wa mukubwa. Alifikiri kidogo, akakubali. Chef akasoma, akatia sahihi na kashe, muhuri wa Leta. Baadaye wakachapisha karati, kadi ndogo, kila mubebaji yake, na maneno yangu yakiwa juu ya kila karati. Tulikunywa fanta jioni ile kama watu wa arusi, na mimi nilitembea sokoni kichwa juu.

Miaka zaidi ya ishirini walikula kwa ile karati.

Mwaka wa 2024 redio ikatangaza kwamba nchi inajitayarisha kwa mazungumzo na majirani, ili siku moja bidhaa zivuke mipaka bila ushuru. Mbele ya wakubwa kukaa, kila jimbo liandike hofu zake: wafanyakazi ukurasa wao, waajiri ukurasa wao. Soko zima lilifurahi. Mimi pia nilifurahi. Habarurema peke yake hakufurahi. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiri pale sokoni: vitu vyote vikipita bure, ni nani atanipakia mimi? Lori moja linabeba kwa safari moja kile wabebaji wote wa trisikle wanakibeba kwa juma zima. Kilichowalisha hakikuwa mikono yao, kilikuwa ule ushuru wasiolipa. Ushuru ukiondoka, na wao wameondoka.

Hakutaka kuzuia biashara ya watu. Alitaka sentensi moja tu iingie katika ile karatasi: wabebaji wa barière wapewe miaka mitano na kazi nyingine, ndipo ushuru uondolewe. Wakati ule walikuwa sitini na kitu.

Mukutano ulifanyika katika hoteli moja kando ya ziwa. Tulienda watatu, yeye, mimi, na Munezero, mubebaji mwenzake, mama wa watoto watatu, aliyesoma kidogo sekondari mbele ya kupoteza muguu wake. Mulango ulikuwa na ngazi saba. Wanaume wanne walimubeba Habarurema na trisikle yake, akawaambia wasitikise, ndani kuna mayai. Walicheka. Ndani kulikuwa na meza mbili, ya wafanyakazi upande wa dirisha, ya waajiri upande wa ukuta.

Meza ya wafanyakazi ilishikwa na Papa Cubaka, mutu wa sendika, chama cha wafanyakazi, mwenye asili ya Bukavu, mupole, macho yamechoka kwa kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawafanyi. Kisha akauliza, "Muzee, patro wako, anayekuajiri, ni nani?"

"Leo ni huyu, kesho ni yule."

"Nipe jina moja tu, niandike."

Habarurema akaonyesha meza ya pili. Pale alikaa Madame Julie Birindwa, muleta unga wa ngano, ambaye magunia yake ndiyo yalikuwa mengi kuliko ya wote kwenye zile trisikle. Habarurema akasukuma pedali zake katikati ya viti, watu wakisogea, mpaka kwake. Madame Julie alimupokea vizuri, akamuwekea soda mbele yake. Ukurasa wake ulikuwa umekwisha kuandikwa: barabara mbovu, kodi za njiani, umeme. Na juu kabisa, ushuru uondolewe upesi.

Alipoelewa anachoombwa, alishusha sauti. "Papa Fuso, unga wangu uko mabegani mwako miaka kumi na tisa, siwezi kukana. Lakini nikiandika kwamba wewe ni mufanyakazi wangu, wataniuliza ule unga wote uliovuka ulikuwa wa nani."

Hakusema kwa dharau. Alisema kweli, na kweli ile haikuwa na tundu la kupitia. Habarurema akaacha soda bila kuifungua, akarudi kwa Papa Cubaka.

Papa Cubaka akamuomba basi karati yoyote inayosema yeye ni nani. Habarurema akaitoa katika plastiki, akaifuta kwa kiganja. Papa Cubaka akaisoma polepole, kwa sauti, ile meza yote ikisikia, kwamba mwenye karati hii si mufanyakazi wala mufanyabiashara, ni mutu wa kuhurumiwa. Akainua macho, akauliza ni nani aliandika maneno haya.

Mimi nilikuwa nyuma ya Habarurema hatua mbili. Hakugeuka.

"Ni mimi niliomba," akasema.

Papa Cubaka alihangaika, nisimunyime sifa yake. Alienda kwa mwenyekiti mara mbili. Mwishoni wakakubali sentensi ikae chini kabisa, mahali panapoitwa Mengineyo. Munezero aliisoma kwa macho yake, miaka mitano imo, kazi nyingine imo. Siku ile Habarurema alipita muteremko na mupando mpaka kwake Katindo asikubali kusukumwa.

Miezi ikapita. Karatasi ya mwisho ikatoka, kurasa kumi na nane. Munezero akaileta kwa Habarurema nikiwa hapo, akatafuta Mengineyo. Miaka mitano haikuwamo. Kazi haikuwamo. Ilisema nchi itaendelea kuwahurumia walemavu wake.

Habarurema alicheka mpaka akakohoa. "Mama Athanasie," akasema, "neno lako ni la chuma. Volkano ilikula nyumba yangu, lenyewe likapona."

Nilichukua ile karatasi kwa Munezero, nikalisoma tena lile neno.

Kisha ikaja Januari ya 2025 na vita, mnaijua, muji ukapata watawala wapya. Watu wa biro, wale wa ofisi za serikali, walienda njia zao, na zile kurasa kumi na nane sijui ziko kwa nani. Barière ilifungwa, ikafunguliwa. Habarurema alipopeleka karati yake, kijana wa pale aliigeuza mbele na nyuma, akauliza kwa adabu ni Leta gani, serikali gani, iliyoitia kashe. Madame Julie sasa anapakia lori. Wa trisikle wamebaki kumi na saba, wanabeba nyanya na mukaa wa mama zetu, na wiki zingine hawabebi kitu.

Mabega ya Habarurema yamekauka. Mukono wa kuume haufiki tena kichwani. Binti yake ndiye anamuvalisha shati. Trisikle iko nje chini ya bati, kuku wanalala ndani ya sanduku.

Juma lililopita alimuita Munezero, akaniita na mimi. Alitoa karati yake, akaiweka kwenye paja la Munezero. Akamwambia apite kwa wale kumi na saba, mumoja mumoja, aulize kila mutu anabeba nini, anabebea nani, tangu lini. Na mstari wa kwanza kabisa useme: sisi ni wafanyakazi.

Munezero aliuliza amupelekee nani.

"Yeyote utakayemukuta amekaa kwenye biro siku hiyo."

"Akikataa kupokea?"

"Urudi mwaka unaofuata. Atakuwa amekaa mwingine."

Sote watatu tulijua kwamba huenda isipokelewe kamwe. Nikafungua mukoba wangu, nikatoa kalamu ili nianze kuandika, kama zamani. Habarurema akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Safari hii umupe yeye kalamu." Kisha akamugeukia Munezero. "Anza na Kambale, yule wa njia ya Lac Vert. Anatoka mapema. Umukute mbele ya saa kumi na mbili."