Zimwi la Daftari la Hesabu

Mjukuu wangu huniletea vitabu vya njozi vya vijana na kunieleza, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba siku hizi mashujaa wa kike ni wasichana wa kawaida: wana chunusi, wanaogopa, wanagombana na dada zao. Ugunduzi mkubwa huo. Sisi tulikuwa na wetu pale Mundika, karibu na mpaka wa Uganda, miaka ya sabini, kwenye kurasa za nyuma za daftari la Hesabu, na hakuna aliyetupigia makofi.

Daftari lilikuwa la dada yangu. Yeye alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Shule yetu ilikuwa na sanduku moja la vitabu vya hadithi kutoka ng'ambo, na humo binti mfalme alikuwa na kazi moja tu, kuzimia. Akiona joka, anazimia. Akiona mwanamume juu ya farasi, anazimia tena, safari hii kwa furaha. Dada alivisoma vyote, akasonya, akachukua kalamu.

Hata yeye alianza vibaya. Shujaa wake wa kwanza alikuwa na nywele za kufika kiunoni. Nilimuuliza anasukwa na nani.

"Unataka akuwe namna gani?"

"Akuwe kama mimi."

"Wewe? Nani atasoma hadithi ya mtu ako na kidonda kwa goti na anaogopa bata mzinga?"

Kesho yake shujaa alikuwa na kidonda gotini. Aliogopa bata mzinga wa jirani, alinuna akinyimwa nyama, na alibeba mihogo mikavu kichwani hadi soko la Chakol. Ila aliweza kutembea chini ya mto na kutokea Uganda bila kulowa. Dada yake mkubwa alikuwa amekamatwa na zimwi lililokaa mpakani, lenye rula ndefu ya mbao, macho mawili mbele na la tatu kisogoni. Kila msichana shuleni alijua jicho hilo limetoka wapi. Mwalimu wa Hesabu aliweza kuandika ubaoni, ametupa mgongo, na bado akataja jina la anayetafuna muwa.

Muhula huo baba alikuwa anatafuta sababu ya kumtoa dada shuleni. Shangazi alikuwa na hoteli ya chai Malaba, madereva wa malori walikuwa wengi, na alitaka msichana wa kuosha vikombe. Baba alimruhusu dada afanye mtihani wa darasa la saba, kwa ukarimu wake wote, na kwa sharti.

"Nikisikia kitu moja tu mbaya kutoka huko shule, wewe unaenda Malaba kesho yake."

Daftari likajaa shujaa akiwa amesimama mbele ya zimwi. Kupata jipya ilibidi upeleke la zamani kwa Mwalimu, aone limejaa, akate pembe ya jalada kwa mkasi ili usije kulibadilisha mara ya pili. Dada alisema atangoja, ataendelea kwenye karatasi za kufungia sukari. Mimi sikuweza kungoja. Nilikuwa na akili nyingi mno. Wote tulijua Mwalimu hutazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, basi nikabandika karatasi safi juu ya ukurasa wa mwisho wa hadithi, nikaijaza hesabu za kujumlisha, na dada alipokwenda kuchota maji ya walimu nikalipeleka.

Mwalimu alitaka kujua kwa nini darasa la saba linajumlisha saba na tisa. Akafungua ukurasa wa kabla yake. Akasoma kwa umakini ambao kazi zetu hazikuwahi kuupata. Alipofika kwenye jicho la tatu aliinua mkono akajipapasa kisogo.

"Nani ameandika hii?"

Dada alikuwa ndiyo kwanza anaingia na ndoo. Nilimwona akifungua mdomo, na nikaviona vile vikombe vya Malaba. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa bata mzinga yeyote.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliiba daftari yake."

Mwandiko haukunisaliti, kwa sababu dada ndiye aliyenifundisha kuandika. Mwalimu akatabasamu.

"Sawa, mwandishi. Sasa hii zimwi inaishia wapi?"

Sikujua. Ndicho nilichokuwa nikimsumbua dada aniambie wiki nzima.

"Linaokoka," nikasema. "Linatubu, linamwachilia dada, linaingia kwaya."

Mwalimu, aliyekuwa kiongozi wa kwaya kanisani, alifikiri kidogo. Alinichapa viboko vinne badala ya sita, na baba hakuambiwa lolote kuhusu dada.

Njiani dada alinishika mkono, akilia, na hakuuachia mpaka nyumbani. "Zimwi kuokoka," alisema. "Umeniharibia hadithi kabisa."

Alifanya mtihani, akapita, akaenda shule ya bweni, akawa muuguzi. Hakuandika tena. Mwandishi alikuwa ameshajulikana, naye alikuwa mimi. Niliagizwa kutunga michezo ya siku ya wazazi, na watu wakaanza kusema nimezaliwa na kipaji.

Kitabu changu cha kwanza kilipochapishwa nilimpelekea. Nilimwambia nataka kusema hadharani ni nani aliyeanza, na kwamba hadi leo naona aibu.

"Useme ili iweje?" akaniuliza. "Hiyo mtihani niliifanya."

Alikisoma siku mbili, jioni akitoka kazini. Kisha akachukua mkasi wake wa bandeji, akakata pembe ya jalada, akanirudishia.

"Kimejaa," alisema. "Enda uchukue kingine."